Mashine Iliyofungiwa Kabatini

(Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani, kabla ya chakula cha mchana)



Nimeombwa niseme machache juu ya afya. Katibu amenionya nisizidishe robo saa, kwa sababu pilau iko tayari na harufu yake mnaisikia. Nitajitahidi.

Nianze na jambo tunalolijua sote. Kila Jumamosi asubuhi tulisimama kando ya vitanda vyetu, na kiranja wa bweni akapita akikagua kucha, meno na mashuka. Hakuuliza nani anajiona mchafu siku hiyo. Alikagua wote. Aliyekuwa na upele aligunduliwa na kupelekwa kwa muuguzi kabla bweni zima halijaanza kujikuna. Tulimchukia sana kiranja yule. Lakini nadhani hapo ndipo nilipopewa somo langu la kwanza la utabibu, ingawa ilinichukua miaka mingi kulielewa, na mtu mmoja alilipia ujinga wangu.

Baada ya kutoka hapa nilisomea utabibu, nikapangiwa zahanati moja ya kijijini. Tulikuwa watu watatu: mimi, muuguzi mkunga, na mhudumu. Tulikuwa na mashine moja ya kupimia presha, zile za zebaki. Kwa kuogopa isivunjike niliifungia kabatini, na ufunguo nikautia mfukoni. Niliitoa siku ya kliniki kwa ajili ya akina mama wajawazito, na siku nyingine kwa mtu mzima aliyelalamika kwamba kichwa kinamuuma au moyo unamwenda mbio. Hakuna aliyenilaumu. Mimi mwenyewe nilijiona mtunzaji mzuri wa mali ya umma.

Alikuwepo mzee mmoja, mwalimu mstaafu, ambaye mke wake alisumbuliwa na pumu. Kila mwezi alimleta kwa baiskeli kuchukua dawa. Mke akiingia kwangu, mzee alikaa kwenye benchi nje ya mlango akizungumza na watu, na mara nyingi alinitania kwamba Kiswahili changu cha kwenye kadi kina makosa. Alikuwa mtu mwenye nguvu. Alilima, alicheza bao, hakuwahi kulalamika.

Alfajiri moja waliniletea mzee huyo juu ya kitanda cha kamba. Upande wa kulia ulikuwa umekufa na mdomo umepinda. Presha yake ilikuwa 220 kwa 130. Tulimpeleka hospitali ya wilaya, lakini kiharusi kilikwisha fanya kazi yake. Aliishi miezi minane bila kusema neno lililoeleweka, yeye aliyetufundisha watu wote pale maneno.

Jioni ile nilifungua daftari la wagonjwa nikahesabu. Jina la mkewe lilikuwamo mara 19. La kwake halikuwamo hata mara moja. Mara 19 mzee yule alikuwa amekaa hatua sita tu kutoka kwenye kabati langu, na mimi nikiwa na ufunguo mfukoni. Hakuwa anaumwa, kwa hiyo sikumhesabu kuwa mgonjwa wangu.

Ndugu zangu, wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini nani ataziba ufa asiouona? Presha ya juu haina maumivu. Mtu anaweza kukaa nayo miaka kumi akilima na kucheza ngoma. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2021 kwamba watu wazima wapatao milioni 1,280 wenye umri wa miaka 30 hadi 79 wana presha ya juu, na karibu nusu yao hawajui. Kumsubiri mtu wa namna hiyo alalamike ndipo apimwe ni sawa na kumsubiri mwizi apige hodi.

Baadaye nilisoma habari za daktari mmoja wa Wales, Julian Tudor Hart, aliyefanya kazi katika kijiji cha wachimba makaa ya mawe kiitwacho Glyncorrwg. Watu wake walikuwa wapatao 2,000, wengi wao maskini. Mwishoni mwa miaka ya 1960 aliamua kumpima presha kila mtu mzima aliyekuja kwake, hata kama amekuja kwa ajili ya kidole kilichokatwa. Na wasiokuja akawafuata, mpaka karibu wote wakapimwa. Aliendelea hivyo miaka 25. Walipolinganisha na kijiji cha jirani, vifo vya watu wasiofika miaka 65 vilikuwa pungufu kwa karibu asilimia 30. Ni daktari huyu huyu aliyeandika mwaka 1971 kwamba aghalabu matibabu mazuri huwafikia kidogo zaidi wale wanaoyahitaji zaidi. Tunaoishi Tanzania hatuhitaji kuelezwa maana yake.

Baada ya msiba ule niliitoa mashine kabatini nikaiweka juu ya meza karibu na benchi. Kila mtu mzima aliyeketi pale alipimwa, awe mgonjwa, msindikizaji, au muuza maandazi. Haikuwa rahisi. Foleni ilirefuka na watu wakanung'unika. Mpira wa mashine ulitoboka tukangoja mpya kwa wiki nyingi. Na kubwa zaidi, tuligundua wenye presha wengi kuliko vidonge tulivyokuwa navyo.

Hapa naomba nisimame kidogo, maana wapo wanaodhani kupima peke yake ni tiba. Wataalamu wawili, Wilson na Jungner, waliandika kwa niaba ya Shirika la Afya Duniani mwaka 1968 masharti ya kupima watu wasioumwa. Miongoni mwake ni kwamba ugonjwa uwe na tiba inayokubalika, na vifaa vya kuthibitisha na kutibu viwepo. Kumwambia mtu ana presha kisha kumrudisha nyumbani mikono mitupu ni kumwongezea mzigo wa hofu juu ya ugonjwa. Na si kila kipimo kinawafaa watu wote. Wengi wenu mmeniuliza juu ya kile kipimo cha damu cha tezi dume. Kina faida yake, lakini hupanda hata pasipo saratani, na saratani nyingine za tezi hukua polepole mno hata zisimdhuru mtu. Basi mwenye shaka, au mwenye baba au kaka aliyeugua, azungumze kwanza na daktari wake. Asikimbilie kipimo kwa sababu jirani amepima.

Lakini kipo kipimo ambacho kwa hakika kinastahili kumfikia kila mwanamke, nacho ni cha saratani ya mlango wa kizazi. Huletwa na virusi vya papiloma, na kwa kawaida huchukua miaka 15 hadi 20 tangu maambukizi mpaka saratani. Ufa huo una nafasi ndefu ya kuzibwa. Muuguzi aliyefunzwa hupaka siki iliyozimuliwa, akasubiri dakika moja, na penye dalili pakageuka weupe. Mara nyingi pakitibiwa siku ile ile mama anarudi kwake. Huko Mumbai, India, wanawake wapatao 150,000 walishiriki katika uchunguzi uliochukua miaka 12. Nusu yao walipimwa kwa siki na wahudumu waliofunzwa kwa wiki chache tu, wala si madaktari. Mwaka 2013 ilitangazwa kwamba vifo vya saratani hiyo katika kundi lililopimwa vilipungua kwa asilimia 31.

Nchini kwetu chanjo ya wasichana ilianza kutolewa nchi nzima mwaka 2018, na huo ni ushindi mkubwa. Lakini mama zao hawakuipata. Wengi wa wanaofika Taasisi ya Saratani ya Ocean Road hufika wakati ugonjwa umekwisha komaa. Waungwana, nauli ya kliniki mara nyingi iko mfukoni mwetu sisi wanaume. Mke akisema anataka kwenda kupimwa, asiulizwe anaumwa nini. Haumwi. Ndiyo sababu anakwenda.

Ndugu Mwenyekiti, sasa nafika kwenye jambo lililonileta. Nimeona katika makabrasha ya leo kwamba kamati inapendekeza fedha za mfuko wetu zijenge lango jipya la shule. Sina ugomvi na lango. Lakini mwendo wa dakika kumi kutoka hapa iko zahanati inayohudumia walimu, wapishi, na vijiji vitatu. Wiki iliyopita niliitembelea. Mashine ya presha wanayo, ya betri, na betri zimekwisha. Muuguzi aliniambia huinunulia betri kwa fedha yake anapoweza.

Mpango wa mwaka 2007 wa Maendeleo ya Afya ya Msingi ulikusudia kila kijiji kiwe na zahanati, na nyingi zimejengwa. Jengo tunalo. Kinachokosekana ni vitu vidogo vinavyofanya ukaguzi uwezekane kila siku. Napendekeza lango lingoje mwaka mmoja. Tuwanunulie mashine mbili na mikanda ya mikono minene na myembamba, betri za mwaka mzima, na vijiti vya kupimia sukari. Tukubaliane na mganga mkuu wa wilaya kwanza, ili vidonge vifuate na wenye kupimwa wapate pa kuendelea. Na mtu mmoja kati yetu tunaoishi karibu aende kila baada ya miezi mitatu kuangalia daftari, aone kama majina ya wasindikizaji yamo.

Mwisho, nyuma ya ukumbi, karibu na masufuria, nimeweka meza. Amekaa pale muuguzi na mashine mbili. Atakayekutwa na 140 kwa 90 au zaidi asifadhaike. Atapewa karatasi ya kurudia kipimo siku nyingine, kwa sababu kipimo kimoja hakitoshi kumhukumu mtu, hasa aliyekwisha isikia harufu ya pilau. Nimekwisha patana na wapishi: asiye na karatasi hapewi sahani. Viranja wa zamani watangulie.