Mateka si Mke



Igalula yetu iko kando ya reli ya kati, nayo reli hiyo kwa sehemu kubwa hufuata njia ya kale ya misafara kati ya Unyanyembe na Bagamoyo. Katika karne ya 19 walipita njia hiyo watumwa wengi, na miongoni mwao wanawake. Baadhi yao walifanywa masuria. Jina hilo lilisikika vizuri kuliko mtumwa, lakini halikumpa mwanamke uhuru wa kukataa. Ndivyo jina linavyoweza kufunika dhambi.

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Oktoba 1996, waasi wa Joseph Kony, waliodai kupigana kwa jina la Mungu, waliivamia shule ya Mtakatifu Maria, Aboke, kaskazini mwa Uganda, wakateka wasichana 139. Sista Rachele Fassera, makamu wa mkuu wa shule, pamoja na mwalimu John Bosco Ocen, waliwafuata porini wakawasihi waasi. Walirudi na wasichana 109. Wale 30 walibaki mikononi mwa waasi, ambao waliwagawia makamanda wasichana waliowateka na kuwaita wake zao. Baadhi yao walifia huko; wengine walirejea baada ya miaka mingi, wakiwa na watoto.

Je, hao walikuwa wake? Kanisa lajibu waziwazi. Kanuni ya 1089 ya Sheria za Kanisa yafundisha kwamba hakuna ndoa kati ya mwanamume na mwanamke aliyetekwa ili aolewe, isipokuwa kwanza atengwe na mtekaji, awekwe mahali salama na huru, kisha achague kwa hiari yake. Hata Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, mwaka 2021, ilimtia hatiani Dominic Ongwen, kamanda katika kundi hilo, kwa makosa mengi, yakiwamo ndoa za kulazimisha, ikamhukumu kifungo cha miaka 25. Yeye mwenyewe alitekwa akiwa mtoto. Jambo hilo lilifikiriwa katika adhabu, lakini halikumwondolea hatia.

Huko Uganda, wengi waliorejea walikuta utumwa wa pili: waliitwa wake za waasi, na watoto wao wakatukanwa. Huu haukuwa ukatili wa porini. Ulikuwa wa majirani.

Ndugu zangu, hapa ndipo neno linapotugusa. Binti akichukuliwa kwa nguvu, wako watakaosema, "Amekwisha lala huko, tupokee mahari yaishe." La hasha! Ng'ombe hawageuzi utekaji kuwa ndoa. Hupumzisha aibu ya wazee, naye binti hubaki mateka.

Kwa hiyo nawaomba viongozi wa Jumuiya Ndogondogo: kwanza binti arudishwe mahali salama, na shauri lifikishwe kwenye vyombo vya sheria. Pili, asiulizwe mbele ya umati. Akina mama wa WAWATA wamsikilize kwa faragha. Tatu, mtoto aliyezaliwa abatizwe na kuitwa kwa jina lake, wala asiitwe kwa kosa la baba yake.

Bwana wetu alitumwa kuwafungua wafungwa. Sisi tusiwafunge upya kwa ndimi zetu. Amina.