Daftari, kipande na saa 24: maneno kwa wanaoingia atachimenti Agosti hii

Haya nilizungumza na vijana wanaoanza atachimenti ya kazi za jamii likizo hii ya Agosti. Kuna walioniomba niyaandike kwa ajili ya wale ambao hawakufika, basi yachukue kama yalivyo, ni maneno ya mdomo.

Wewe umetoka chuo na barua, na kitabu cha kutiwa sahihi kila wiki. Chuo kinataka kile kitabu kijae. Mtaa hauna haja na kitabu chako. Mtaa una kijana wa miaka 21 ambaye hajapata kipande mpaka leo, na bila kipande hawezi kusajili laini ya simu kwa jina lake, hapati kazi ya maana, hapigi kura, na akisimamishwa usiku hana la kuonyesha. Huyo hahitaji kuhubiriwa haki. Anahitaji mtu wa kwenda naye ofisini, akarudishwa, akaenda naye tena.

Hapo ndipo wengi wanapokosea kuielewa kazi hii. Wanadhani kufikia jamii ni kukodi viti, kuandaa kongamano, kupiga picha na bango nyuma, halafu ripoti inaandikwa: vijana 60 wamehamasishwa. Wamehamasishwa kufanya nini? Mimi nikikuta mwanafunzi ameshughulikia kesi nne peke yake kwa miezi mitatu, lakini kila moja ameifuata hadi mwisho wake, huyo kwangu amefanya kazi kuliko mwenye picha 200.

Tuanze na hiki kipande, maana ndicho utakachoulizwa kila nyumba. Februari 2025 Rais alitia saini tamko la kuondoa ule msasa wa ziada ambao watu wetu wa kaskazini mashariki na jamii za mipakani walikuwa wakipigwa kabla ya kupewa kitambulisho. Ni jambo kubwa, tulililia miaka mingi. Lakini tamko ni karatasi, na dirisha la ofisi ni dirisha la ofisi. Kijana akikwambia ameambiwa alete hati ya babu yake, usimwambie "hiyo iliondolewa" ukaenda zako. Andika: ofisi gani, tarehe gani, ameambiwa alete nini, na nani alikuwepo. Tukiwa na maandishi kama hayo kutoka kwa watu kumi, tunaweza kuingia mlangoni na hoja. Tukiwa na manung'uniko tutapewa chai na kurudishwa.

Na uulize cheti cha kuzaliwa kabla hujauliza kipande. Mara nyingi shida imeanzia huko. Mtoto alizaliwa nyumbani, hakuandikishwa ndani ya ile miezi sita, baadaye ikawa ni usajili wa kuchelewa wenye barua na mashahidi wake, mama akachoka. Darasani ndipo linapoibuka, wakati wa kusajiliwa mtihani wa taifa. Kwa hivyo ukienda madrasa au shule kufundisha, mwombe mwalimu akwambie ni watoto wangapi hawana cheti. Walimu wanajua, ila hakuna anayewauliza.

Sasa saa 24. Kila kijana wa maskani anajua kusema "lazima nifikishwe kortini ndani ya saa 24." Kweli, Kifungu cha 49 cha Katiba kinasema hivyo, lakini hakikuishia hapo. Kama zile saa 24 zinaishia nje ya saa za mahakama, au siku ambayo mahakama hazikai, basi mwisho ni jioni ya siku inayofuata ya mahakama. Fanya hesabu. Kijana ameshikwa Ijumaa saa kumi na moja jioni. Saa 24 zinaisha Jumamosi jioni, mahakama imefungwa. Kwa hivyo wana hadi Jumatatu jioni, na kama Jumatatu ni sikukuu, Jumanne. Mama uliyemfundisha nusu ya sheria atasimama kituoni Jumamosi usiku akipiga kelele, na askari atamcheka, na siku ya pili hatakuamini tena wewe wala sisi.

Mfundishe huyo mama yale atakayoweza kuyafanya usiku ule ule. Aulize kijana ameandikwa kosa gani, na namba ya OB. Anayeshikwa ana haki ya kuambiwa sababu kwa lugha anayoielewa, kunyamaza, na kuwasiliana na wakili. Polisi wanaweza kumwachilia kwa bondi hata kabla ya korti, na bondi hailipiwi. Ikiwa ni dhamana ya pesa taslimu, kuna risiti ya serikali. Pesa isiyo na risiti hiyo iite jina lake. Na kosa ambalo adhabu yake ni faini tu, au kifungo kisichozidi miezi sita, mtu hawekwi rumande kwa sababu hiyo. Hili la mwisho lirudie mpaka walishike, kwa sababu wanaobebwa kwenye misako mara nyingi ni kwa vijikosa vya namna hii.

Kuhusu mafunzo ya vijana wenyewe, usianze na muguka. Najua utataka kuanza na muguka. Mei 2024 gavana wa Mombasa aliupiga marufuku, suala likaishia mahakamani, na kila mtu ana maoni yake. Kijana anakusikiliza dakika tano, anajua unaelekea wapi, anaondoka. Anza na kitu chake: basari, kwa mfano. Wote wanalalamika basari inakwenda kwa watu wa watu. Haya, Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inamruhusu raia kuandikia ofisi ya umma kwa Kiswahili, na ofisi inatakiwa ijibu ndani ya siku 21. Asiyejua kuandika, ofisa ndiye anayeandika kwa niaba yake. Kaeni mwandike barua moja mkiuliza vigezo vilivyotumika na kiasi kilichotengewa wadi yenu. Ipelekeni, mgongewe muhuri kwenye nakala yenu, muanze kuhesabu siku. Hapo wamejifunza zaidi ya kongamano tatu.

Dada zangu, nyinyi mtaingia nyumba ambazo sisi wanaume tunaishia barazani, na mambo mazito yako ndani. Nendeni wawili wawili, baada ya Alasiri, asubuhi mama ana kazi zake. Mkiambiwa siri, haiingii kwenye kundi la WhatsApp, hata bila jina. Mtaa mdogo, watu watajua ni nani. Na picha za watoto hapana. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka ridhaa ya mzazi au mlezi, na hata bila sheria, mtoto aliyekuja kwa sababu hana cheti hataki uso wake uzunguke kwenye simu za watu.

Nanyi mna haki zenu. Unapokwenda popote kwa atachimenti, si kwetu tu, dai barua yenye tarehe, msimamizi mwenye jina, na nauli. Kuna mahali wanafunzi wanatumwa Likoni na Kisauni siku moja kwa miguu yao na pesa zao, halafu wanaambiwa ni kujitolea. Anayeweza kujitolea bila nauli ni yule ambaye kwao kuna nauli, na kijana wa kwetu Majengo anaachwa nje ya kazi ya mtaa wake mwenyewe.

Jumatatu saa mbili na nusu asubuhi tunagawana mitaa. Njoo na daftari ya karatasi, kalamu mbili, na nakala ya kipande chako. Na kama wewe mwenyewe huna kipande, njoo hivyo hivyo, tutaanza na kesi yako.