Nyasi za Milima ya Lesotho

Nchi ya Lesotho imezungukwa pande zote na Afrika Kusini. Baina ya nchi hizo imesimama milima ya Maloti na Drakensberg, ambayo kilele chake kirefu kuliko vyote, Thabana Ntlenyana, kina mita 3,482. Huko juu miti ni michache, na nyasi ndizo zilizotanda juu ya ardhi.

Mwaka 2020 wataalamu wa mimea walitangaza kwamba aina moja ya nyasi hizo ilikuwa haijapata jina lake. Haikuwa imejificha, kwani imeenea sana milimani humo. Ilikuwa ikichanganywa na nyasi za Festuca caprina, zilizopewa jina hilo mwaka 1841. Uchunguzi wa makini ulionyesha tofauti katika namna machipukizi yanavyotoka shinani na katika urefu wa vifuko vya chavua. Ndipo aina hiyo ikaitwa Festuca drakensbergensis.

Askari aliyelinda mpaka anaelewa jambo hili upesi. Watu wawili waliovaa sare zinazofanana si lazima wawe wa kikosi kimoja. Mlinzi anayeridhika na sura ya mbali hukosea, na kosa lake huweza kudumu miaka mingi pasipo mtu kulishuku.

Je, jina la nyasi lina faida gani kwa taifa? Tarehe 24 Oktoba, 1986, Lesotho na Afrika Kusini zilitia sahihi mkataba wa maji. Likajengwa bwawa la Katse, lenye ukuta wa mita 185, na mwaka 1998 Afrika Kusini ikaanza kupokea maji hayo, nayo Lesotho ikilipwa. Lakini kabla ya kufika kwenye ukuta huo, mvua hupokewa na nyasi. Mizizi yake hushika udongo na kuyaacha maji yapenye polepole. Malisho yakizidi kiasi, udongo huchukuliwa na mvua hadi bwawani.

Anayetaka kuokoa malisho hayo hana budi kujua ni nyasi ipi inayostawi na ni ipi inayopungua. Akihesabu aina mbili kuwa moja, moja yaweza kutoweka hesabu ikiwa bado inaonekana kamili. Ulinzi wa mali ya taifa, iwe ni silaha ghalani au nyasi mlimani, huanza kwa kukitambua kila kinacholindwa.