Asilimia 90 ya Nani? Mazungumzo na Wazazi wa Kilungu Kuhusu Orodha za Vyuo



Kila matokeo ya KCSE yanapotoka, simu hujaa matangazo ya vyuo. Hiki ni cha kwanza nchini, kile ni cha kwanza Ukambani, na kingine kinasema asilimia 90 ya wahitimu wake wamepata kazi. Mzazi aliyeuza ng'ombe, au mavuno ya avokado ya msimu mzima, ili apate karo ana haki ya kuuliza: hiyo asilimia 90 ni ya nani?

Chukueni mfano. Chuo kimehitimisha vijana 100. Baada ya mwaka mmoja karani anawapigia simu. Vijana 60 hawapatikani: wengine wamebadilisha laini, wengine hawapokei, maana kijana anayekaa nyumbani bila kazi hafurahii kuulizwa habari hizo. Wanaojibu ni 40, na kati yao 36 wana kazi. Chuo kinagawanya 36 kwa 40, kinapata asilimia 90, kinaibandika kwenye bango. Karani hakudanganya. Lakini kati ya vijana 100 waliolipa karo, wanaojulikana kuwa na kazi ni 36 tu. Halafu neno “kazi” lenyewe lina utata. Aliyesomea umeme na sasa anaendesha bodaboda pale Salama amehesabiwa? Na aliyepata kibarua cha wiki mbili je?

Hata vyuo vyenye jina kubwa duniani vimenaswa hapa. Chuo Kikuu cha Columbia, Marekani, kiliwahi kushika nafasi ya 2 katika orodha ya U.S. News. Mapema 2022 mwalimu wake mwenyewe wa hisabati, Michael Thaddeus, alizikagua takwimu ambazo chuo kilikuwa kimewasilisha na kuonyesha kwamba baadhi hazikuwa sahihi. Chuo kikakiri kuwepo kwa makosa, na mwaka huohuo kikashuka hadi nafasi ya 18. Madarasa yalikuwa yaleyale na walimu walewale. Kilichobadilika ni karatasi.

Kenya nayo ina historia yake. Mwaka 2014 Wizara ya Elimu, chini ya Waziri Jacob Kaimenyi, ilisimamisha kuorodhesha shule kwa matokeo ya mitihani ya taifa. Malalamiko yalikuwa kwamba ushindani umepita kiasi, na kwamba kuna shule zinazowazuia wanafunzi dhaifu ili wastani usishuke. Orodha hazikukoma kwa hilo. Nyingi zinazosambaa sasa zinatokana na wastani uliokokotolewa na shule zenyewe na kutangazwa na shule zenyewe. Mchezaji amekuwa refa.

Si haki kusema kila chuo kinachojisifu kinaficha jambo. Vipo vinavyofuatilia wahitimu wao kwa bidii, na mara nyingi ndivyo vyenye asilimia ndogo, kwa sababu vimewahesabu hata wasio na kazi. Mzazi anayelinganisha mabango mawili anaweza kukimbia chuo kikweli.

Kipimo hiki kisiishie kwa vyuo vya kibinafsi. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 liliweka vyuo vya ufundi vya vijijini mikononi mwa kaunti, kwa hiyo takwimu za kaunti nazo ziulizwe vivyo hivyo: waliosajiliwa ni wangapi, waliomaliza ni wangapi, waliotafutwa wakapatikana ni wangapi, na wanafanya kazi gani.

Kabla ya kulipa, yapo mambo yanayoweza kuthibitishwa bila kutegemea neno la chuo. TVETA ndiyo inayosajili vyuo vya kiufundi, nayo CUE huidhinisha vyuo vikuu. Mitihani ya ufundi ya NITA haisahihishwi na chuo, na muuguzi hasajiliwi mpaka afaulu mtihani wa Baraza la Wauguzi. Ulizeni wangapi walikalia mtihani na wangapi walifaulu. Ulizeni pia mafundi na wakandarasi wa Nunguni na Wote wanaajiri vijana waliotoka wapi. Wao hawana bango la kuuza.

Chuo cha umma kikisita kutoa takwimu, Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 vinampa mwananchi nafasi ya kuziomba. Ombi huandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza, na jibu linapaswa kutolewa ndani ya siku 21. Asiyejua kuandika aende ofisini mwenyewe. Sheria inamtaka afisa wa habari amsaidie kuwasilisha ombi lake.