Jumba la 409 Edgecombe

Sogeza redio karibu, maana leo safari ni ndefu kidogo.

Tuanzie hapa hapa kwetu. Ni Januari mwaka 1960, Kiambu. Wajumbe Waafrika wa Baraza la Kutunga Sheria wanakutana kujiandaa kwa mkutano wa katiba utakaofanyika Lancaster House, London. Nje umati umejaa. Anafika mwanasheria mmoja Mmarekani mweusi, mrefu, aliyealikwa na mjumbe Tom Mboya awe mshauri wao. Afisa wa serikali ya kikoloni anamzuia: mgeni haruhusiwi kuingia. Basi, kama alivyosimulia mwenyewe baadaye, akaomba angalau awasalimie watu kwa neno moja. Akakubaliwa. Akapanda juu ya gari, akatamka neno lenyewe: "Uhuru!" Umati ukalipuka.

Mtu huyo ni Thurgood Marshall. Mwaka 1967 alikuja kuwa jaji wa kwanza mweusi wa Mahakama Kuu kabisa ya Marekani, na mengi yamesemwa juu ya kesi zake. Mimi jioni hii nataka nikupeleke nyumbani kwake, kwenye jumba la ghorofa alimopanga miaka ya 1940, kabla dunia haijamjua. Anwani ni 409 Edgecombe Avenue, Harlem, jijini New York.

Wenyeji wa New York wakitaka kukusifia nyumba ya kupanga watakwambia ni ya "kabla ya vita". Vita wanavyovisema ni vile ambavyo wazee wetu waliviita vita vya Hitla. Nyumba ya kabla ya vita maana yake dari liko juu, kuta ni nene za plasta inayomeza sauti ya jirani, sakafu ni ya mbao ngumu, na kila chumba kina dirisha. Dirisha hilo, msikilizaji, halikuja kwa hisani ya wenye nyumba. Mpaka mwisho wa karne ya 19 maskini wengi wa jiji lile walilala kwenye vyumba vya ndani visivyoona jua, na choo chao kiko uani wakichangia familia kadhaa. Ni sheria ya nyumba za kupanga ya mwaka 1901 iliyolazimisha kila chumba cha jengo jipya kipate mwanga na hewa ya nje, na kila nyumba iwe na choo chake. Ukiona mtu anajisifia dirisha lake leo, ujue kuna watu walilipigania.

Harlem yenyewe haikujengwa kwa ajili ya watu weusi. Treni ya chini ya ardhi ilipofika huko mwaka 1904, matajiri walikuwa wameshajenga majumba kupita kiasi, wakitarajia wapangaji wazungu wa tabaka la kati. Wapangaji hawakutosha, majumba yakabaki matupu. Mfanyabiashara mweusi, Philip Payton, akaona mwanya. Aliwaendea wenye nyumba akawaambia: mimi nitakujazieni. Mwaka huohuo wa 1904 akaanzisha kampuni ya Afro-American Realty, na familia nyeusi zikaanza kuingia, mtaa baada ya mtaa, huku wengine wakizidi kumiminika kutoka majimbo ya kusini wakikimbia mashamba ya pamba na watu waliowanyonga weusi mitini.

Jumba la 409 lilijengwa kati ya 1916 na 1917, ghorofa 13, kwenye ukingo wa kilima kirefu upande wa kaskazini. Waliolichora ni Schwartz na Gross, wasanifu waliojenga majumba mengi ya namna hiyo New York, likiwemo la 555 lililo mbele kidogo kwenye barabara hiyohiyo. Kutoka madirisha ya juu uliona bonde lote na uwanja wa besiboli wa Polo Grounds ukiwa chini yako. Kwa miaka kumi ya mwanzo mtu mweusi hakupanga humo. Mwishoni mwa miaka ya 1920 milango ikafunguliwa. Eneo lile likaitwa Sugar Hill, Kilima cha Sukari, kwa kuwa aliyefika pale alihesabiwa ameonja utamu wa maisha.

Bondeni mambo yalikuwa mengine. Mtu mweusi alilipwa mshahara mdogo kuliko mwenzake mzungu, lakini kodi ya Harlem ilikuwa ya juu, kwa sababu hakuwa na pengine pa kwenda, na mwenye nyumba alilijua hilo. Mwezi ukielekea kuisha familia iliviringisha zulia, ikasogeza vitanda, ikaalika mpiga piano, ikapika, na kila aingiaye alitoa kiingilio. Karamu za kodi, ndivyo zilivyojulikana. James P. Johnson na Fats Waller, mabingwa wa piano wa zama zile, walipiga sana kwenye karamu hizo. Nami nasema muziki ule ulizaliwa na uchungu wa pango. Hata kule kilimani wengi hawakuimudu kodi peke yao. Walipangisha chumba kimoja kwa mtu wa pembeni ili mwezi ukamilike.

Sasa ingia nami kwenye lifti ya 409, miaka ya 1940.

Juu kabisa, ghorofa ya 13, anaishi Walter White, kiongozi wa NAACP, chama kilichopigania haki za weusi mahakamani. White alikuwa na ngozi nyeupe na macho ya buluu. Aliitumia sura hiyo kusafiri kusini akajifanya mzungu, akachunguza mauaji ya watu weusi kutoka vinywani mwa wauaji wenyewe. Sebule yake ilipokea wageni wengi wakubwa kiasi kwamba watu waliipachika jina la Ikulu ya Harlem. Katika jumba hilohilo anaishi mchoraji Aaron Douglas. Aliwahi kuishi humo Roy Wilkins, aliyekuja kumrithi White. Aliwahi kuishi humo pia Stephanie St. Clair, mwanamke aliyetajirika kwa bahati nasibu haramu ya mtaani, na asiyemwogopa jambazi yeyote wa kizungu aliyetaka kumnyang'anya biashara. Mwanasheria na malkia wa bahati nasibu, ngazi moja, bawabu mmoja. Mitaani palikuwa na maneno, na jarida la Ebony likayaandika, kwamba bomu moja likiangukia 409 basi weusi wa Marekani watakaa miongo miwili bila viongozi.

Tangu 1944 humo anaishi pia mzee W.E.B. Du Bois, mwandishi na mwenzao wa NAACP. Oktoba 1945, akiwa na miaka 77, alisafiri mpaka Manchester, Uingereza, kwenye Mkutano wa Tano wa Umajumui wa Afrika. Ukumbini walikuwamo Kwame Nkrumah na Jomo Kenyatta. Kisha akarudi Harlem, kwenye vitabu vyake. Mwaka 1948 Du Bois na Walter White waligombana vibaya, na mzee akaondolewa NAACP kwa mara ya mwisho. Wote wawili walikuwa wameishi miaka kadhaa katika jumba moja. Hilo hunigusa kila nikilifikiria. Ukikosana na mtu kazini unaweza kumkwepa. Lakini jirani wa 409 utamkwepaje, nanyi mnapanda lifti ileile?

Nitoke kidogo kwa viongozi nizungumzie mabomba, maana nyumba ni zaidi ya majina ya waliolala ndani.

Miaka kadhaa iliyopita nilikaa majuma mawili ya Februari kwa ndugu yangu mmoja aliyepanga katika jengo la rika hilo, huko huko Harlem. Theluji ilikuwa imefika magotini. Chini ya dirisha la sebule palisimama chuma kizito chenye mbavu, kama rejeta ya gari lakini kirefu hadi kiunoni, kilichopakwa rangi juu ya rangi hata nakshi zake zikafukiwa. Saa kumi na mbili asubuhi kamili mabomba yakaanza kugonga ukutani, ko, ko, ko, kisha chuma kikatoa mlio wa birika, na chumba kikajaa joto. Saa ile si ya bahati. Sheria ya jiji inamtaka mwenye nyumba, kuanzia Oktoba mosi hadi mwisho wa Mei, nje kukiwa baridi ya kiwango fulani, ahakikishe ndani kuna nyuzi 20 za Selsiasi kati ya saa kumi na mbili asubuhi na saa nne usiku.

Asubuhi ya pili ndugu yangu aliniita, akapiga magoti, akanionyesha kipande cha ubao, si kikubwa kuliko kiberiti, kilichosukumwa chini ya mguu mmoja wa chuma kile. Akanieleza. Boila iko chini ya jengo, inachemsha maji, mvuke unapanda kwa bomba moja tu. Ukishapoa unageuka maji, na maji hayo yanashuka kwa bomba lilelile. Kwa hiyo chuma lazima kiinamie upande wa bomba, hata kidogo. Kikilala sawasawa, maji yanatuama ndani. Mvuke unaokuja kwa kasi unayakuta, unayasukuma, na hiyo ndiyo nyundo niliyoisikia. Kipande cha ubao kinakipa chuma mwinamo wake. Chuma cha chumbani kwake kilikuwa kimenyamaza. Cha sebuleni bado kilidai kibao kinene zaidi. Akaniambia pia kilango cha mvuke hufunguliwa chote au hufungwa chote, kamwe si nusu. Joto likizidi, na huzidi kweli, unafungua dirisha theluji ikianguka. Enzi majengo hayo yalipojengwa wataalamu wa afya walihimiza sana watu walale na hewa safi, na mitambo ikapewa nguvu ya kushinda baridi hata dirisha likiwa wazi.

Na juu ya paa? Majengo marefu ya New York yamebeba matangi ya maji ya mbao, ya mviringo, yenye kofia kama msonge. Maji ya jiji hayana nguvu ya kupanda zaidi ya ghorofa sita hivi, kwa hiyo pampu huyapeleka paani, nayo hushuka yenyewe. Mbao za tangi haziunganishwi kwa gundi. Hufungwa kwa mikanda ya chuma, na maji yakiingia zinavimba zikabanana. Wewe wa Lamu au Mafia unaelewa vizuri: jahazi lililokaa nchi kavu muda mrefu likirudi majini huvuja kwanza, halafu mbao hunywa maji zikaziba.

Turudi kwa Marshall. Alifanya kazi NAACP, na miaka ile moja ya vita vyake vikubwa ilihusu nyumba. Sehemu nyingi za Marekani hati za nyumba ziliandikwa kifungu kinachokataza isiuzwe wala isikaliwe na mtu mweusi. Familia ya McGhee ya Detroit ilinunua nyumba yenye kifungu hicho, majirani wakaishitaki itoke. Marshall akaibeba kesi hiyo mpaka Mahakama Kuu, ikasikilizwa pamoja na ya familia ya Shelley ya St. Louis. Mei 3, 1948, majaji 6 waliosikiliza walikubaliana wote kwamba hakuna mahakama inayoruhusiwa kumtoa mtu kwenye nyumba yake kwa kifungu cha rangi. Fikiria mtu anaondoka asubuhi kwenye jumba ambalo miaka ishirini nyuma asingeruhusiwa kupanga, anakwenda kuutetea mlango wa mwenzake.

Miaka 12 baadaye, pale London, aliwaandikia Waafrika wa Kenya rasimu ya haki za raia. Ndani yake aliweka kwamba mali ya mtu isichukuliwe bila fidia ya haki, na kwamba walio wachache walindwe. Wachache hao walikuwa wazungu na Wahindi. Wapo waliomlaumu kwa kulinda mashamba ya walowezi, na lawama hiyo ina uzito, kwa kuwa ardhi ile ilipatikana kwa unyang'anyi. Lakini mimi naona aliandika kama mpangaji wa Harlem: alijua sheria inavyoweza kumtupa mtu nje kwa sababu wenye nguvu wamebadilika.

Ushindi wa 1948 ulikuwa na gharama yake kilimani. Milango ya kwingine ilipofunguka, wenye uwezo walihama. Kufikia miaka ya 1970 wenye nyumba wengi wa Harlem walikuwa wameacha hata kulipa kodi ya majengo, na Jiji likajikuta linamiliki nyumba tele zenye boila zilizokufa. Waliobaki, wazee wengi wao, ndio waliozishikilia. Mwaka 1993 Jiji liliyatangaza 409 na 555 kuwa majengo ya kihistoria, na sasa hata dirisha la mbele halibadilishwi bila kibali.

Hilo la 555 nisilisahau. Paul Robeson, mwimbaji na mwigizaji, aliishi humo kati ya 1939 na 1941. Robeson alikuwa amesoma Kiswahili London miaka ya 1930, na Kenyatta alionekana kama mwigizaji mdogo kwenye filamu yake ya mwaka 1935. Na katika jumba hilo, kwa miaka mingi sasa, mwanamama mmoja mpiga piano amekuwa akifungua nyumba yake kila Jumapili alasiri. Alianza ili kumkumbuka mwanawe aliyefariki. Hakuna kiingilio. Sebule ikijaa, watu wanakaa kwenye korido ya ndani, korido ikijaa wanasimama jikoni, na kutoka jikoni humwoni mpigaji. Unasikia piano tu ikipita kwenye kuta zile nene.