Ondoa Rangi ya Zamani, Usiumize Mbao

Somo: Wakolosai 3:8-14



Katanga yetu ni nchi ya gitaa. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi Mwenda Jean Bosco kule Jadotville, leo Likasi, na vidole vya kijana yule vikasikika mpaka ng'ambo. Basi msishangae leo nikifundisha kwa gitaa.

Ndugu mmoja alitoka katika muziki wa baa, akaokoka. Alileta gitaa lake la umeme, lenye rangi nyeusi na michoro ya maisha yale. Wengine walisema: litupwe. Wengine: lipakwe nyeupe upesi, Jumapili apige. Seremala mmoja alikataa yote mawili. Mbao ni nzuri, alisema. Kinachotakiwa kutoka ni rangi.

Kwanza, usipake juu ya uchafu. Rangi mpya juu ya ile ya zamani inayoteleza haishiki. Baada ya muda inabanduka. Ndivyo alivyo mtu anayejifunza kusema "Haleluya" kanisani, lakini nyumbani anampiga mke wake na kazini anadanganya. Paulo anataka utu wa kale uvuliwe. Hasemi ufunikwe.

Pili, si kila rangi inatoka kwa dawa moja. Verni ya sheleki inayeyuka kwa spiriti. Ile ya nitroselulosi inalainika kwa dawa ya kuyeyushia rangi, lakini ukiisogezea moto itawaka. Rangi ngumu ya poliuretani haijali dawa hiyo: inataka hewa ya moto, kidogo kidogo, na kikwaruzo butu kinachofuata mishipa ya mbao. Ndiyo maana fundi anajaribu kwanza mahali padogo pasipoonekana. Mpendwa, kuna anayeacha pombe kwa siku moja, na kuna anayelilia hasira yake miaka mingi. Roho ni mmoja, lakini usimpime mwenzako kwa ushuhuda wako.

Tatu, jua mahali rangi inapoishia na mbao inapoanza. Mkono usio na subira unaunguza mbao. Kikwaruzo kinachimba mifereji. Msasa mkali ukipitishwa kinyume cha mishipa unaacha mikwaruzo, na verni mpya itaionyesha yote. Fundi anaanza na msasa namba 80, kisha 120, kisha 220. Kadiri anavyokaribia mwisho, mkono wake unakuwa mwepesi.

Hapa nasema nasi wachungaji na mashemasi. Ndugu akianguka, tunataja jina lake katika mikro, mtaa mzima unasikia, watoto wake wanachekwa shuleni. Halafu tunaita hiyo kutakasa kanisa! Ndugu zangu, hapo tumeshaacha rangi, tunachimba mbao. Bwana alifundisha katika Matayo 18:15 tuanze naye wawili peke yetu, na Wagalatia 6:1 inataka tumrudishe kwa upole. Wangapi leo hawaji tena, si kwa kupenda dhambi, bali kwa kukimbia mikono yetu?

Nne, usiache mbao tupu. Mbao isiyo na verni inakunywa jasho la mkono na unyevu wa masika, inavimba, inachafuka upya. Yesu alieleza nyumba iliyofagiwa ikabaki tupu, na hali ya mwisho ikawa mbaya kuliko ya kwanza (Luka 11:24-26). Aliyeacha baa anahitaji rafiki wa jioni, kazi ya mikono na kikundi cha maombi. Avikwe rehema, upole, uvumilivu, na juu ya yote upendo.

Wiki hii mtafute mmoja aliyeumizwa na mikono yetu. Mtembelee, kaa naye, usimhubiri. Omba pamoja naye.

Baba, tuondolee ya kale, na utufundishe mkono mwepesi kwa wenzetu. Katika jina la Yesu. Amina.