Somo la Redio: Biashara ya Mabati kwa Bei ya Jumla

Leo tafadhali wekeni mezani karatasi moja na vitabu viwili, na kalamu ziwe tayari, maana tutafanya hesabu.

Somo letu ni habari za mabati ya kuezekea. Tutaona yanatoka wapi, nani huyauza kwa jumla, na kwa nini watu wawili huweza kununua mabati 40 yenye urefu ule ule, mmoja akapata chuma kingi na mwenziwe akapata kidogo, hali wote wawili wamelipa sawasawa.

Kwanza ile karatasi. Simamisheni vitabu viwili, kisha lazeni karatasi juu yake kama daraja. Wekeni kalamu katikati. Mmeona? Karatasi imebonyea na kalamu imeanguka. Sasa ikunjeni karatasi hiyo hiyo mikunjo myembamba, kwenda na kurudi, kama marinda ya sketi. Ilazeni tena juu ya vitabu na mrudishe kalamu. Safari hii haianguki. Karatasi haikuongezwa kitu, ila imepata migongo, na migongo ndiyo nguvu yake.

Bati ni hivyo hivyo. Mhandisi mmoja wa Kiingereza, Henry Robinson Palmer, aliyekuwa akifanya kazi katika bandari ya London, alipewa haki ya uvumbuzi wa mabati yenye migongo mwaka 1829. Lakini chuma kitupu hushikwa na kutu upesi. Mwaka 1837 Mfaransa Stanislas Sorel alipata haki ya uvumbuzi wa kukichovya chuma katika zinki iliyoyeyushwa. Zinki huliwa kwanza na hewa na maji, na chuma kilicho chini yake husalimika maadamu zinki ipo. Siku hizi mabati mengi hupakwa mchanganyiko: katika kila sehemu 100, aluminiamu ni 55, zinki ni kama 43, na kilichobaki ni silikoni kidogo.

Sasa tufuate safari ya bati mpaka juu ya nyumba yako. Chuma huja kutoka ng'ambo kwa meli, kimeviringishwa kama mkeka. Mviringo mmoja huwa na uzito wa tani kadhaa. Hushushwa bandarini Dar es Salaam au Mombasa, kisha hupelekwa viwandani. Hapa Afrika Mashariki viwanda hivyo si vya jana: kiwanda cha Aluminium Africa, ambacho leo huitwa ALAF, kilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1960. Kiwandani chuma hukunjuliwa, husafishwa, hupakwa zinki na pengine rangi, hupitishwa katika mashine inayokitia migongo, kisha hukatwa.

Baada ya hapo anaingia mwenye duka la jumla. Huyu hanunui bati moja wala kumi. Hununua lori zima, hulipeleka Mwanza au Mbeya au Songea, na huliweka ghalani. Wenye maduka madogo ya vifaa vya ujenzi huja kuchukua kwake mabati 50 au 100. Mara nyingi hawana fedha mkononi. Basi huwapa mali kauli: chukua, uza, ulete fedha. Ni neno la mtu tu lililowekwa pale, na daftari.

Wako watu wasemao kwamba huyu wa jumla ni mnyonyaji asiyefanya kazi yoyote, bali hukaa tu katikati na kula faida. Mimi sikubaliani nao. Hebu fikirini. Mkulima hajengi wakati wowote. Hujenga akiisha kuuza pamba, kahawa au mahindi, na tena hutaka kuezeka kabla mvua haijamkuta. Kwa hiyo kuna miezi ghala hujaa na hakuna anayekuja, na kuna majuma machache watu hugombania mlangoni. Katika miezi ile mikavu ya biashara, fedha za mwenye jumla zimelala ghalani zikiwa chuma, na pengine ni mkopo wa benki unaodai riba kila mwezi. Tena ghala lazima liwe kavu. Mabati yaliyolazwa moja juu ya jingine yakiingiwa na maji katikati hutoka unga mweupe. Huo unga ni zinki inayoharibika, na bati lenye unga mwingi limeanza kuzeeka kabla hata ya kupigiliwa msumari. Mtu anayebeba hasara ya namna hiyo, na anayewaamini wenzake kwa mali kauli, anastahili kulipwa.

Basi shida iko wapi? Sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penyewe.

Kiwanda hununua chuma kwa tani. Wewe hununua bati kwa meta, au kwa futi, au kwa kuhesabu moja, mbili, tatu. Yaani chuma huingia katika biashara kwa uzito, na hutoka kwa urefu. Mahali fulani katikati, kipimo kimebadilika. Na kama bati limefanywa jembamba kuliko linavyoitwa, tani ile ile moja hutoa mabati mengi zaidi. Macho hayaoni tofauti hiyo. Bati la kijani la milimeta 0.3 na bati la kijani la milimeta 0.25, ukiyatazama dukani, ni ndugu mapacha.

Watu wa biashara huutaja unene kwa geji. Neno hili huwachanganya wengi, kwa kuwa namba ikipanda unene hushuka. Geji 28 ni nene kuliko geji 30, na geji 30 ni nene kuliko geji 32. Desturi hiyo ilitoka kwa mafundi wa waya wa zamani. Kila walipouvuta waya katika tundu jingine dogo zaidi, waliongeza namba, na waya ukazidi kuwa mwembamba. Kwa kawaida geji 28 hukaribia milimeta 0.4, geji 30 hukaribia milimeta 0.3, na geji 32 huwa kama milimeta 0.25. Nasema hukaribia, kwa sababu majedwali ya geji yako zaidi ya moja na hayapatani. Kwa hiyo usiridhike na geji peke yake. Uliza, “Ni milimeta ngapi?” Milimeta ni ile ile popote uendapo.

Lakini mtu aweza kukujibu neno lolote. Ndiyo sababu tunafanya hesabu. Mwalimu, tafadhali andika ubaoni: chuma chenye upana wa meta 1, urefu wa meta 1 na unene wa milimeta 1, kina uzito wa kilo 7.85.

Tuchukue bati la urefu wa meta 3, ambalo kabla ya kutiwa migongo lilikuwa na upana wa meta 0.9. Meta 3 mara meta 0.9 ni meta za mraba 2.7. Kama unene ni milimeta 0.3, uzito wake ni 2.7 mara 0.3 mara 7.85. Jibu ni kilo 6 na gramu 360, kwa kukadiria. Kama unene ni milimeta 0.25, jibu ni kilo 5 na gramu 300. Zinki na rangi hubadilisha kidogo tu, tusizijali leo.

Tofauti ni kilo moja na gramu 60 kwa bati moja. Mtu atasema, kilo moja ni nini? Zidisheni. Nyumba ya mabati 40 imepungukiwa na kilo 42 na zaidi za chuma, ambazo mwenye nyumba amezilipia na haziko juu ya kichwa chake. Sasa tazameni upande wa muuzaji. Tani moja ya chuma ikikatwa kwa milimeta 0.3 hutoa mabati 157. Ikikatwa kwa milimeta 0.25 hutoa 188. Ni mabati 31 zaidi kutoka tani ile ile. Akiyaandika yote kuwa ya milimeta 0.3, hayo 31 ameyapata bure kutoka kwenu.

Upana ule wa kabla ya migongo utaupataje? Chukua kamba. Ianzishe ukingo mmoja wa bati na uishindilie ifuate mgongo na bonde, mgongo na bonde, mpaka ukingo wa pili. Kisha inyooshe kamba na uipime. Huo ndio upana wa kuhesabia. Halafu funga mabati kumi pamoja, yapime kwa mizani ile ile inayopima magunia, ugawanye kwa kumi. Mwenye duka mwaminifu hatakasirika. Akikasirika, nawe umepata habari.

Mizani, hata hivyo, haikuambii zinki ni nyingi au haba, na kwa watu wa pwani, wanaoishi na hewa ya chumvi, zinki ni jambo kubwa. Kwa hilo tafuta alama ya Shirika la Viwango, ambalo kwa Tanzania lilianzishwa mwaka 1975. Soma pia maandishi yaliyopigwa juu ya bati lenyewe: jina la kiwanda, na unene au geji. Wewe unayejifunza kusoma hivi sasa, maandishi yale madogo yaliandikwa kwa ajili yako. Bati lisilo na neno lolote, jihadhari nalo.

Na risiti. Katika wilaya moja niliyowahi kufanya kazi, kamati ya wazazi ilinunua mabati 120 kwa ajili ya madarasa. Fedha zilichangwa kwa taabu, wengine wakiuza kuku. Walikuwa wameelewana kwa mdomo geji 28. Mafundi walipoanza kupanda, bati likabonyea chini ya miguu yao kama kopo. Wazazi wakarudi dukani na risiti yao. Iliandikwa hivi: “Bati 120. Imelipwa.” Basi. Hakuna geji, hakuna milimeta, hakuna jina la kiwanda. Mwenye duka aliisoma kwa sauti, akawauliza, “Mimi nimewapa mabati 120 au sikuwapa?” Hawakuwa na la kujibu. Watoto wakasoma chini ya mabati hayo, na siku ya mvua mwalimu hasikiki.

Wanunuzi wengi wakiwa pamoja wanaweza kulikwepa duka dogo wakaenda kwa mwenye jumla wenyewe. Katika miaka ya 1960 wanawake wa Kenya ya kati walifanya hivyo kwa vikundi. Walichanga fedha, wakamwezekea mwenzao mmoja, kisha wa pili, mpaka wote wakapata, na vikundi vyao vikaitwa kwa jina la mabati yenyewe. Faida yao haikuwa kuepuka kuvuja tu. Bati hukinga maji safi ya mvua. Mvua ya milimeta 10 juu ya paa la meta za mraba 48 ni lita 480, ukiacha zile zinazomwagika pembeni. Hizo ni ndoo 24 za lita 20 ambazo hakuna aliyekwenda nazo mtoni. Kikundi kinachonunua mabati 400 kwa pamoja kinaweza kudai bei ya jumla, kinaweza kukodi lori moja, na hakuna mwenye duka atakayekidharau kikiomba mizani.

Msisahau kofia za kufunika kilele cha paa, na misumari ya bati yenye vichwa vipana. Iulizieni bei siku ile ile. Dari nayo ni jambo jema, maana bati jua likiwaka hugeuza chumba kuwa tanuri, na dari huacha nafasi ya hewa katikati. Lakini ukiuziwa mabamba ya zamani ya saruji yenye asbesto, hata kwa bei ya kutupa, yaache. Vumbi lake likivunjwa au kukatwa kwa msumeno huharibu mapafu.

Hesabu ya kufanya kabla ya kipindi kijacho ni hii. Mama mmoja amenunua mabati 60, kila moja meta 3, na kamba yake imeonyesha upana wa meta 0.9. Aliambiwa ni milimeta 0.3. Amepima mabati kumi kwa mizani, akapata kilo 53. Je, aliambiwa kweli? Kama hakuambiwa kweli, katika mabati yote 60 amepungukiwa na kilo ngapi za chuma? Kisha kila mwanafunzi aandike kwa mkono wake risiti ambayo mama huyo angepaswa kuidai kabla ya kutoa fedha, na mwalimu azikusanye.